Wamoravian ni wangapi duniani, na kwa nini wengi wao wako Tanzania?

Swali: Mimi ni Mmoravian wa kuzaliwa, ushirika wetu uko Mbeya. Mwenzangu kazini anadai kanisa letu ni dogo mno duniani, halifiki hata watu milioni mbili, na kwamba huko Ujerumani lilikotoka karibu limekwisha. Mimi huku naona makanisa yetu kila kona. Nani anasema kweli? Na mbona kila nikitafuta idadi yetu napata namba tofauti?

Jibu:

Ndugu, hapo hakuna mwongo. Mwenzako anatazama ramani ya dunia, wewe unatazama dirishani. Wamoravian wote duniani wamezidi milioni moja kwa kiasi kidogo tu, na zaidi ya nusu yao wako Tanzania. Ujerumani wamebaki maelfu machache. Tukilinganisha, Waanglikana wanahesabiwa kwa makumi ya mamilioni. Lakini hapo kwenye "limekwisha" mwenzako ameteleza kidogo, kwa sababu kitu kisichopata kuwa kikubwa hakiwezi kusemwa kimekwisha. Udogo wa Ujerumani ni wa tangu mwanzo, na kwa sehemu kubwa ulikusudiwa.

Tuanzie hapo. Umoja wa Ndugu, au Unitas Fratrum, ulianza mwaka 1457 katika kijiji cha Kunvald huko Bohemia, nchi inayoitwa Cheki leo. Walioanzisha walikuwa wafuasi wa mafundisho ya Jan Hus, padre aliyechomwa moto mjini Konstanz mwaka 1415. Ndiyo maana Wamoravian husema kanisa lao lina umri mkubwa kuliko matengenezo ya Luther, nao wana haki kusema hivyo, kwani Luther alianza mwaka 1517, miaka 60 baadaye. Baada ya Waprotestanti kushindwa kwenye vita vya Mlima Mweupe karibu na Praha mwaka 1620, kanisa hilo lilipigwa marufuku. Waumini wakatawanyika, wengine wakabaki wakisali kwa kificho. Askofu wao mashuhuri, Comenius, yule mwalimu wa walimu, alifia uhamishoni Uholanzi mwaka 1670.

Mwaka 1722 wakimbizi wachache kutoka Moravia walivuka mpaka na kuingia Saxony, sehemu ya Ujerumani ya leo. Mtawala mdogo aliyekuwa na shamba huko, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, akawapa mahali pa kujenga. Wakapaita Herrnhut. Tarehe 13 Agosti 1727, baada ya miezi ya ugomvi mkali kati yao, walishiriki Meza ya Bwana pamoja wakapatana, na kanisa linaihesabu siku hiyo kuwa siku ya kuzaliwa upya. Jina "Moravian" limetoka kwa wakimbizi hao. Ni jina la mahali, kama vile mtu kuitwa Mpare au Msambaa.

Sasa angalia kiini cha jambo. Zinzendorf alikuwa Mlutheri na alitaka kufa Mlutheri. Hakutaka kuanzisha dhehebu jingine. Alichotaka ni vikundi vya watu wenye imani hai ndani ya makanisa yaliyokuwapo. Mkulima wa Estonia au Latvia angeweza kwenda kanisa la Kilutheri asubuhi ya Jumapili, abatize watoto wake huko, azikwe huko, na jioni akae kwenye kikundi cha Herrnhut akiimba na kuomba. Kwenye daftari la kanisa huyo ni Mlutheri, na takwimu za Wamoravian hazimjui kabisa. Watu wa namna hiyo walikuwa maelfu kwa maelfu. Ukisoma kwamba Wamoravian wa Ulaya katika karne ya 18 walikuwa wachache, kumbuka kwamba nusu ya kazi yao haikuandikwa kwa jina lao.

Kuna sababu ya pili, ambayo watu wengi hawaijui. Zinzendorf aliwafundisha wamishonari wasikimbilie kubatiza umati. Watafute malimbuko, watu wachache kutoka kila kabila ambao Roho amekwisha kuwaandaa, na mavuno makubwa wamwachie Mungu kwa wakati wake. Iko picha maarufu ya mchoraji Johann Valentin Haidt ya mwaka 1747 inayowaonyesha malimbuko hao wamemzunguka Kristo, mmoja mmoja kwa mavazi ya taifa lake. Kanisa lenye mafundisho kama hayo litasambaa mbali sana na kubaki jembamba. Ndivyo ilivyokuwa. Zinzendorf alipofariki mwaka 1760, jamii ambayo makao yake makuu yalikuwa kijiji tu ilikuwa imekwisha kutuma wamishonari zaidi ya 200.

Wa kwanza walikuwa wawili: Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala. Waliondoka Herrnhut Agosti 1732 na kufika kisiwa cha St. Thomas, Karibi, kilichokuwa chini ya Denmark, Desemba mwaka huohuo. Nikupe tahadhari hapa, maana hadithi hii hupamba mahubiri mengi: si kweli kwamba walijiuza wakawa watumwa. Dober alisema yuko tayari hata kwa hilo ikibidi, lakini halikutokea, na sheria za makoloni zisingeruhusu Mzungu awe mtumwa. Nitschmann alijipatia riziki kwa useremala na baada ya miezi michache akarudi Ulaya, kama ilivyopangwa. Habari yenyewe inatosha kwa uzito wake, haihitaji kuongezwa chumvi.

Baada yao mlolongo ni mrefu. Greenland mwaka 1733, Surinam 1735, Afrika Kusini 1737, Pennsylvania 1741, Jamaika 1754, pwani ya Labrador huko Kanada 1771, pwani ya Wamiskito ya Nikaragua 1849, Alaska 1885. Na mwaka 1891, zamu ya Tanganyika.

Greenland itakufundisha jambo kuhusu ramani za makanisa. Wamoravian walifanya kazi huko tangu 1733, wakajenga vituo, wakaandika kwa lugha ya wenyeji. Mwaka 1900 wakakabidhi kazi yote kwa kanisa la Kilutheri la Denmark na kuondoka. Waumini hawakufa wala hawakuasi, ila kuanzia mwaka huo wanahesabiwa na kanisa jingine. Kwa hiyo ukikuta ramani imewekwa alama ya Wamoravian huko Greenland, huyo aliyeichora anakuonyesha historia, si hali ya leo.

Afrika Kusini ni kinyume chake. Georg Schmidt alifika nchini mwaka 1737, akafanya kazi bonde la Baviaanskloof, na kubatiza watu watano tu mwaka 1742. Wachungaji wa kanisa la Waholanzi wakamzuia kubatiza, akaondoka mwaka 1744. Kwa karibu miaka 50 hapakuwa na mmishonari hata mmoja. Mwaka 1792 walipofika wengine, walimkuta bibi mzee, Vehettge Tikkuie, aliyebatizwa na Schmidt kwa jina la Magdalena, bado anatunza Agano Jipya alilopewa. Mahali hapo sasa panaitwa Genadendal. Katika miaka hiyo yote hakuna takwimu ambayo ingemwonyesha bibi yule. Wahesabuji wa mwaka 1770 wangeandika sifuri.

Tanzania kulitokea nini? Mwaka 1891 wamishonari wanne walikuja kwa njia ya maji, kupitia Zambezi, Shire na Ziwa Nyasa. Mmoja wao, Georg Martin, alikufa kwa homa kabla ya kufika. Waliobaki, wakiongozwa na Theodor Meyer, wakafungua kituo Rungwe, chini ya mlima. Mwaka huohuo walifika pia wamishonari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky. Vyama hivyo viwili viligawana nchi mapema: Berlin wakachukua mashariki, Wamoravian magharibi. Mgawanyo ule uko hai hadi leo. Ukitoka Tukuyu kuelekea Manow na Mwakaleli unaingia kwa Walutheri, maana ndiko walikoishi watu wa Berlin. Ukienda Rutenganio, Ipyana, Isoko, Utengule au Mbozi, uko kwa Wamoravian. Watu wa lugha moja na ukoo mmoja wametofautiana madhehebu kwa sababu ya mstari uliochorwa na wageni katika mwaka wao wa kwanza nchini.

Kazi ya pili ilikuwa Unyamwezi, nayo haikuanzishwa na Wamoravian. Chama cha misheni cha London kilikuwa Urambo, makao ya mtemi Mirambo, tangu mwaka 1879. Mambo yakawa magumu, maradhi yakawamaliza watu, na mwaka 1898 wakawakabidhi Wamoravian. Kutoka Urambo kazi ikaenea Sikonge, Kitunda, Usoke na baadaye Tabora mjini. Kwa hiyo kanisa la Tanzania lina mizizi miwili iliyoota mbalimbali, na kwa miongo mingi matawi hayo yaliendeshwa kila moja kivyake. Mtu wa Rungwe na mtu wa Sikonge wote wakiwa Wamoravian hawakuwa na sinodi moja, yaani mkutano mkuu wa kanisa. Mazoea ya kila jimbo kujitegemea, ambayo wageni huyashangaa, yametoka hapo.

Halafu likaja jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuza kanisa kuliko kituo chochote cha misheni: Wajerumani waliondolewa. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika huku mwaka 1916, wamishonari wakakamatwa, na wengi hawakurudi hadi katikati ya miaka ya 1920. Waskoti wa misheni ya Livingstonia walisaidia kusini, Wadenmark upande wa Unyamwezi, lakini walikuwa wachache mno. Kazi ya kila siku, yaani kufundisha wanafunzi wa ubatizo, kuzika, kuamua kesi za wazee, ilibebwa na walimu na wainjilisti wenyeji. Vita ya Pili ikarudia yaleyale. Wamishonari waliporudi walikuta kanisa lenye wenyewe.

Sababu nyingine ni miguu ya watu. Dhahabu ya Lupa huko Chunya ilivuta vijana wengi miaka ya 1930, migodi ya shaba ya Zambia ikavuta wengine, reli ya kati ikawapeleka Wanyamwezi Kigoma na Dar es Salaam. Mtu akifika ugenini hutafuta wa kwao. Familia tatu zikikutana kuimba nyimbo za nyumbani, baada ya mwaka zinakuwa 10, zinaomba mwinjilisti, zinakuwa mtaa, kisha ushirika. Ukichora ramani ya Wamoravian wa Tanzania juu ya ramani ya reli, migodi na mashamba ya karne ya 20, utaona mistari inafuatana kwa karibu.

Leo kuna majimbo ya Kusini lenye asili Rungwe, Kusini Magharibi lenye makao Mbeya, Magharibi lenye makao Tabora, Rukwa lenye makao Sumbawanga, na baadaye yakazaliwa ya Ziwa Tanganyika, Mashariki na Kaskazini. Haya ya mwisho ni majimbo ya wahamiaji na watoto wao kwa kiasi kikubwa. Kutoka Tanzania kazi imevuka mipaka kwenda Malawi, Zambia, Kongo, Burundi na majirani wengine, mara nyingi kwa watu walewale waliokwenda kutafuta kazi au waliorudi makwao baada ya kukaa ukimbizini.

Nje ya Afrika nitapita haraka. Surinam ndiko kanisa lina uzito mkubwa kulingana na idadi ya watu: sensa ya mwaka 2012 ilionyesha Wamoravian ni kama asilimia 11 ya wananchi, yaani watu kama 60,000. Nchi hiyo ilipopata uhuru mwaka 1975 wengi walihamia Uholanzi, na leo sehemu kubwa ya Wamoravian wa Uholanzi wana asili ya Surinam. Nikaragua na Honduras ni kanisa la Wamiskito zaidi, taifa lililokatwa na mpaka wa nchi mbili. Karibi ni Jamaika, Antigua, Barbados, St. Kitts, Trinidad na Tobago na visiwa vingine. Labrador ni vijiji vichache vya Wainuit kama Nain na Hopedale. Alaska wengi ni Wayup'ik kando ya mto Kuskokwim. Marekani kwingine vitovu ni Bethlehem huko Pennsylvania na Winston-Salem huko North Carolina. Uingereza, Denmark, Uswisi na Cheki ni wachache, ingawa majengo yao ni ya kuvutia: mji wa Christiansfeld huko Denmark uliingia katika urithi wa dunia mwaka 2015, na mwaka 2024 wakaongezewa Herrnhut, Bethlehem na Gracehill ya Ireland Kaskazini.

Sasa nije kwenye sehemu ya swali lako iliyo ngumu: kwa nini namba hazilingani.

La kwanza, serikali ya Tanzania haiwasaidii. Sensa ya mwisho kuuliza dini ya mtu ilikuwa ya mwaka 1967. Tangu hapo hakuna hesabu ya taifa inayosema Wamoravian ni wangapi, Walutheri wangapi, wala Waislamu wangapi. Kila namba unayoiona imetoka kwa kanisa lenyewe, au kwa mtu aliyekisia kutokana na namba za kanisa. Surinam tunaweza kulinganisha daftari la kanisa na sensa. Tanzania hatuna cha kulinganishia.

La pili, neno "mshirika" lina maana zaidi ya moja. Wapo waliobatizwa, wakiwamo watoto wachanga, kwa sababu Wamoravian hubatiza watoto. Wapo waliopata kipaimara wanaoshiriki Meza ya Bwana. Wapo wanafunzi wa ubatizo ambao bado. Wapo waliotengwa kwa nidhamu ya kanisa, ambao jina liko kitabuni lakini mezani hawafiki. Baadhi ya majimbo ya nje hutangaza zaidi idadi ya wanaoshiriki, mengine hutangaza waliobatizwa wote. Ukijumlisha ya huku na ya kule umejumlisha magunia na debe.

Tuchukue ushirika mmoja wa mfano, namba ni za kubuni. Mwanzo wa mwaka kitabu kina watu 412 waliobatizwa. Katika mwaka wamebatizwa watoto 19 na watu wazima 6, wamehamia watu 11 wenye barua ya uhamisho, wamerudishwa kundini 3. Hao ni 39, jumla 451. Wamekufa 7, wamehama kwa barua 14. Zinabaki 430. Katibu anaandika 430 kwenye taarifa ya mwaka, na hajadanganya.

Lakini miongoni mwa hao 430 wapo 40 waliokwenda Dar es Salaam miaka mitatu iliyopita bila kuchukua barua. Huko waliko wamepokelewa, wakaandikwa upya. Kwa hiyo waliopo kweli ni 390, na wale 40 wanahesabiwa mara mbili, mara moja katika jimbo la nyumbani na mara moja katika Jimbo la Mashariki. Tena katika wale 430 wa kitabuni, 168 ni watoto wasio na kipaimara. Wanaobaki ni 262. Kati yao 12 wako chini ya nidhamu, kwa hiyo wanaoruhusiwa mezani ni 250. Na Jumapili ya kawaida, ukihesabu vichwa kwenye mabenchi, unapata kama 180. Ushirika ni uleule, na unaweza kuutaja kwa 430, 390, 262, 250 au 180. Anayetaka kuonyesha ukuaji atachagua ya kwanza, na mgawaji wa bajeti ya jimbo ataitaka ya tatu, hasa kama makisio ya michango hupangwa kwa kichwa cha mshiriki. Hapo ndipo namba huanza kupungua kimiujiza: ushirika unaotozwa kwa kichwa una sababu ya kuandika vichwa vichache.

Kosa kubwa kuliko yote ni la barua ya uhamisho. Kifo huandikwa kwa sababu kuna mazishi na mchungaji alikuwepo. Ubatizo huandikwa kwa sababu kuna cheti. Kuhama hakuna sherehe. Mtu anapanda basi alfajiri, na kitabu hakijui. Kitabu kisichosafishwa kwa miaka 10 katika wilaya inayotoa vijana wengi kinaweza kuwa kimebeba watu wengi wasiokuwepo, huku idadi ikiendelea kupanda kwenye karatasi kwa sababu ubatizo unaingia na uhamisho hautoki. Upande wa mjini kosa ni la kinyume: mtu anaabudu miaka mitano, anatoa sadaka, anaimba kwaya, hajaandikwa kwa sababu "barua iko nyumbani."

Kuna pia ukuaji wa hesabu za sharika peke yake. Mtaa ukipandishwa kuwa ushirika, na wilaya ikigawanywa mara mbili, taarifa itaonyesha sharika na wilaya zimeongezeka ingawa hakuna mtu mmoja aliyeongezeka. Ukisikia "tumetoka sharika 60 hadi 90", uliza kwanza idadi ya wabatizwa wa kipindi hicho.

Ngazi za nje zina utata wao. Katika Unitas, yaani umoja wa majimbo ya Wamoravian duniani, kazi mpya huanza kama eneo la misheni chini ya jimbo mlezi, kisha huwa jimbo la misheni, kisha jimbo kamili likishakuwa na katiba, watumishi na uwezo wa kujiendesha. Watu wa eneo la misheni wakati mwingine huhesabiwa ndani ya jimbo mlezi, wakati mwingine peke yao. Kati ya sinodi moja ya Unitas na nyingine hupita miaka saba (ya 2016 ilifanyika Jamaika, ya 2023 Afrika Kusini), na ngazi hubadilika humo. Mtu akichukua orodha ya zamani ya nchi na idadi mpya ya waumini, atahesabu eneo lilelile mara mbili au aliache kabisa.

Na majina. Ukitafuta "Moravian" peke yake utawakosa wengi. Wajerumani wanaitwa Brüdergemeine, Surinam na Uholanzi ni Evangelische Broedergemeente, Denmark ni Brødremenigheden, Cheki ni Jednota bratrská, Nikaragua ni Iglesia Morava. Ukitafuta neno "Ndugu" utawaokota wasiohusika: wale Ndugu wa Plymouth na Kanisa la Ndugu la Marekani ni watu wengine wenye historia nyingine. Njia ya haraka ya kumtambua Mmoravian ni muhuri: mwanakondoo mwenye bendera, na maneno yanayosema Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate. Hata muhuri si dhamana kamili, kwa kuwa makundi yaliyojitenga huondoka nao. Linaloamua ni kama jimbo hilo linatambuliwa na Unitas.

Kuhusu Ujerumani, mwambie mwenzako apime na kitu kingine pia. Mwaka 1728 Zinzendorf alianza kuwapa watu wa Herrnhut neno la siku, na mwaka 1731 maneno ya mwaka mzima yakachapishwa kitabuni. Hayajakatika tangu hapo. Mistari ya Agano la Kale huchaguliwa kwa kuokota kura Herrnhut, miaka kadhaa kabla ya mwaka wake, kisha hutafutiwa mistari ya Agano Jipya inayokwenda nayo. Kijitabu hicho kimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 50, na toleo la Kijerumani pekee huchapwa nakala mamia ya maelfu kila mwaka, katika nchi yenye Wamoravian maelfu machache. Wanaokisoma wengi ni Walutheri, na hata Wakatoliki wamo. Ni yule mkulima wa Estonia tena, anayeishi kwa mkate wa Herrnhut huku jina lake liko kwenye kitabu cha kanisa jingine.

Basi mkibishana tena, kila namba ikitajwa iulizeni mambo manne: ni ya waliobatizwa au ya wanaoshiriki, ni ya mwaka gani, nani aliihesabu, na mipaka ya eneo ilikuwa ipi wakati huo. Namba isiyojibu hata mawili kati ya hayo iacheni. Namba iliyo mviringo mno, kama 500,000 kamili, ni makisio hata kama imechapwa kwenye karatasi yenye muhuri.

Na kama unataka kuona jambo hili kwa macho yako, muombe katibu wa ushirika wenu, kwa idhini ya mchungaji, mkae na vitabu viwili: cha kipaimara cha miaka 10 iliyopita na cha uhamisho. Chukua darasa moja la kipaimara, tuseme vijana 30. Pitieni jina moja baada ya jingine mkiwa na mzee wa kanisa anayezijua familia, mkiandika yuko, amehama kwa barua, amehama bila barua, amekwenda kanisa jingine, amefariki. Kazi hiyo haizidi mchana mmoja. Safu ya waliohama bila barua igawanye kwa 30, na utakuwa na kipimo cha jinsi kitabu chenu kilivyovimba, angalau kwa vijana wa rika lile. Rudieni kwa darasa la mwaka mwingine kabla ya kumpelekea mchungaji, kwa sababu darasa moja linaweza kuwa lilipatwa na jambo la pekee, kwa mfano shule iliyofungwa au mgodi uliofunguliwa mwaka ule.